Hotuba Iliyopigiwa Makofi Kila Penye Mkato

Niliporudi Shinyanga na diploma ya ualimu kutoka Uganda, hapakuwa na mtu mwingine katika utemi wetu aliyekuwa nayo, na sikuona sababu ya kulificha jambo hilo. Niliitia diploma kwenye fremu ya mninga nikaitundika mahali ambapo mgeni yeyote, akikalia kiti changu cha wageni, asingeweza kutazama kwingine. Walisema najisikia. Ni kweli nilijisikia. Mtu aliyesukuma vigari vya mawe kwenye mgodi wa dhahabu upande wa Geita akiwa na kaptura moja, kisha akarudi na suruali ndefu, saa ya mkononi na Kiingereza chenye mikato mahali pake, akijifanya mnyenyekevu atakuwa mnafiki tu.

Naitaja mikato kwa sababu ndiyo iliyonitenga na wenzangu. Maneno ya Kiingereza kila karani wa boma alikuwa nayo, tena mengine makubwa kuliko yangu. Walichokosa ni ile alama ndogo yenye mkia. Mmoja aliimwaga kama chumvi, barua yake ukiisoma unajikwaa kila hatua. Mwingine hakuitia kabisa, ukapanda sentensi yake kama treni ya Tabora isiyosimama popote mpaka Mwanza.

Na sikuwalaumu, maana nami nilipitia hukohuko. Kiingereza changu cha kwanza nilikisikia mgodini, kwa mzungu msimamizi wa zamu. Bwana yule alikuwa na sentensi moja tu. Ilianza asubuhi kwa kumtaja mama wa mtu na kuishia jioni kwenye kigari kilichopinduka, na katikati hapakuwa na mkato hata mmoja. Nilijua matusi ya Kiingereza kabla ya kujua salamu. Nilipopata fedha ya kuacha kazi nikaenda kusoma misheni, na huko padri akatufundisha kwamba mkato huwekwa pale mtu anapochoka. Padri alikuwa mnene na kifua chake kilimsumbua. Mikato yake ilikuwa mingi mno.

Ukweli niliukuta Uganda. Mkato hauhusiani na mapafu ya mtu. Unaweka mkato baada ya kumwita unayesema naye, ili ajue ameitwa kabla hujamweleza shida yako. Unauweka kati ya vitu unavyovitaja kimoja baada ya kingine, visije vikaparamiana. Unauweka maneno ya “kama” au “ingawa” yanapotangulia, kuonyesha kwamba jambo lenyewe bado linakuja. Unauweka kabla ya “lakini” inayounganisha sentensi mbili zenye miguu yake. Na ukimwongezea mtu maelezo ya pembeni, unaweka mkato huku na mkato kule. Ukiweka mmoja ukasahau wa pili, umetoka nyumbani na kiatu kimoja. Hayo niliyashika mwaka wa kwanza. Wenzangu wengine walimaliza chuo wakiwa na kiatu kimoja, na baadhi yao leo ni wakubwa serikalini.

Basi nilikuwa na miezi michache tu kazini pale Mtemi aliponiita ikulu kwake.

Jambo lenyewe lilikuwa shule. Vijana wetu wakimaliza darasa la nne hawakuwa na pa kwenda ila kutembea mbali, na wengi waliishia machungani au migodini. Serikali ilikuwa imekubali kujenga shule ya kati moja, kwetu au kwenye utemi wa jirani, si kote kuwili. Mkubwa mmoja wa kizungu angetoka Mwanza, apite kwa jirani leo, kesho afike kwetu, asikilize hotuba za watemi na kutoa jibu lake palepale mbele ya watu. Mimi nilikuwa na langu pia. Bwana shauri, Mzungu aliyeshika wilaya yetu, alikuwa ameniambia wazi kwamba shule ikijengwa kwetu nitakuwa mwalimu mkuu wake, na isipojengwa nitahamishiwa Jimbo la Kusini. Sina ugomvi na watu wa Kusini. Lakini sikusukuma mawe miaka yote ile ili nikafundishe mbali na watu walioniona na kaptura moja.

Mtemi alikuwa mtu wa mwili mkubwa na sauti nzito. Alisoma Kiswahili vizuri. Kiingereza hakujua hata neno, na hapo ndipo kazi ilipoanza, kwa sababu alitaka hotuba iwe ya Kiingereza na aisome mwenyewe.

Nikamwomba aniachie niisome kwa niaba yake, kama jirani alivyomwachia karani wake.

“Jirani ana karani kwa sababu hana sauti,” akasema. “Mimi sitasemewa kama mgonjwa.”

Nikaiandika. Ilikuwa na kurasa mbili, na sitaacha kusema kwamba ilikuwa hotuba nzuri kuliko yoyote iliyopata kusomwa mkoani kwetu miaka ile. Ukurasa wa kwanza ulikuwa wa salamu na sifa. Ombi la shule lilikuwa ukurasa wa pili, kama adabu inavyotaka. Kila mkato niliuchora kwa penseli nyekundu, mkubwa kama kiluwiluwi. Nilimfundisha Mtemi maana ya kila kipande, kisha matamshi, ingawa kila R ilimtoka ikiwa L na hapo sikuhangaika. Mambo yote tuliyafanya chumba cha ndani, mlango umefungwa, sisi wawili peke yetu. Haikufaa watu wamsikie Mtemi akirudia maneno kama mtoto wa darasa la kwanza. Ilikuwa amri yake.

Nilimwambia kila akikuta kiluwiluwi asimame, amtazame mgeni, kisha aendelee.

“Nisimame na sijamaliza?” akauliza.

“Ndiyo, Mtemi. Ili ajue kuna kinachokuja.”

Akalipenda hilo. Baada ya wiki kadhaa alikuwa anasimama kwenye mikato vizuri kuliko bwana shauri mwenyewe, ambaye barua zake nilizisoma na nilikuwa na maoni juu yake. Mtemi alishika vipande vyote kichwani, kila kipande kikiishia kwenye kiluwiluwi chake, na karatasi ikabaki ya kushika tu mkononi.

Siku ilipofika watu walijaa uwanja wa baraza toka asubuhi. Mawingu nayo yalijaa upande wa mashariki. Wenyeji wa Shinyanga wanajua maana yake: mvua ikinyesha kwenye mbuga, ule udongo mweusi hauachii gari, liwe la malkia au la nani. Bwana shauri alikuwa ameleta sanduku la vibendera vya Waingereza vilivyobaki tangu malkia alipotawazwa, vilivyokaa ghalani na magunia ya pamba mpaka panya wakavionja. Aliagiza tuvipeperushe mgeni akiwasili. Ila dereva wa mgeni alikosea njia akaingilia nyuma ya ikulu, kwenye zizi la mbuzi, na mgeni akatukuta wote tumempa mgongo tunatazama barabara. Vibendera vikabaki sandukuni chini ya meza kuu.

Mgeni alikuwa mrefu, mwekundu, na alitazama mawingu kila alipomaliza kumsalimu mtu. Akaketi. Mtemi akasimama, akafunua karatasi, akamwita mgeni kwa cheo chake, akafika kwenye mkato wa kwanza. Akanyamaza. Akamtazama.

Uwanja mzima ukapiga makofi.

Hapa lazima nieleze desturi kwa wasioijua. Kwetu Mtemi akisema na watu kisha akanyamaza, watu hupiga makofi. Kutopiga ni kusema hukumsikia, au mbaya zaidi, umemsikia na unakataa. Hiyo niliijua tangu utotoni kama ninavyojua jina langu. Lakini kule chumba cha ndani msikilizaji alikuwa mimi peke yangu, nami mikono yangu ilikuwa na penseli.

Mgeni aliposikia makofi alidhani hotuba imekwisha. Alifurahi waziwazi kwa ufupi wake. Akainuka, akatoa shukrani, akaanza kufunua karatasi yake ya majibu, mpaka bwana shauri alipomvuta koti akaketi. Mtemi, ambaye hakukatizwa na mtu tangu arithi kiti, akamsubiri kama mtu anavyomsubiri ng'ombe avuke njia. Akaendelea. Akasema sisi watu wa utemi huu. Mkato. Makofi. Akaendelea na maelezo ya pembeni, wakulima na wafugaji. Mkato wa pili wa maelezo. Makofi, na safari hii wanawake wakatia na vigelegele. Mgeni akainuka tena.

Alipoinuka mara ya tatu alikuwa ameshika kofia. Ngurumo ilisikika mbali. Bado tulikuwa katikati ya ukurasa wa kwanza, na shule yangu ilikuwa imelala ukurasa wa pili. Bwana shauri akaniinamia akaniambia kwa meno yaliyofungwa niwaambie hawa watu wanyamaze. Nikamwambia awaambie yeye. Anayewanyamazisha watu wasimpigie Mtemi makofi, kwetu, hahitaji kuhamishwa na serikali, anahama mwenyewe. Wala sikuweza kumwambia Mtemi aruke mikato. Vipande vile viliishia pale vilipoishia, na ukimwondolea kimoja, vyote vinamwagika.

Ndipo nikakumbuka kwamba makofi yanataka mikono mitupu.

Nikaenda kwa mwanangwa mkuu, mzee aliyeketi mbele ya wanangwa wote, wakuu wa vijiji vya Mtemi, na ambaye mikono yake ndiyo iliyoanzisha kila kishindo. Nikamchutamia na kumwamkia.

“Babu, kwa Wazungu mtemi wao mkubwa hapigiwi makofi. Hupungiwa.”

“Yule mwanamke wao?”

“Huyohuyo. Akipita, watu hupunga kitambaa kimya.”

“Kimya? Maskini,” akasema mzee. “Amewakosea nini?”

“Ndiyo heshima yao ya juu, babu. Kuliko makofi.”

Akafikiri. Mtemi alikuwa amesimama kwenye kiluwiluwi kingine na makofi yalikuwa yananguruma juu ya vichwa vyetu. Mzee alipiga ya kwake mpaka mwisho ndipo akaniuliza kitambaa kipi. Nikamwonyesha sanduku. Akakishika kibendera kimoja kwa vidole viwili, akakigeuza upande ulioliwa na panya.

“Hiki ndicho wanachokipigia saluti?”

“Hikihiki.”

“Na leo kimpungie Mtemi wetu?”

“Mbele ya macho yao, babu.”

Nilivyomfahamu mzee yule, hilo lilimtosha. Akaita matarishi, vibendera vikagawiwa safu kwa safu kwa neno la mwanangwa mkuu, na Mtemi alipofika kwenye mkato uliofuata, uwanja mzima ukapunga. Hapakuwa na sauti, ila mlio mdogo kama wa ndege wakiruka kutoka kwenye mtama. Mgeni hakuinuka. Mtemi akatazama kushoto, akatazama kulia, akaona heshima mpya aliyopewa, na sauti yake ikateremka chini zaidi. Mkato, bendera. Mkato, bendera. Tukaingia ukurasa wa pili. Ombi la shule lilikuwa sentensi ndefu yenye mawe, mbao, watoto, walimu na maji, kila kimoja kimetengwa na mwenzake ipasavyo, na kila kimoja kilipungiwa peke yake. Mgeni alikuwa amesogea ukingoni mwa kiti. Alisahau hata mawingu.

Nilikuwa nyuma yake tayari kutafsiri, na nilimsikia akimwambia bwana shauri kwa Kiingereza, “Hukuniambia kwamba hawa wote wanaelewa Kiingereza. Wanafuata kila kifungu. Jana kule walikaa kama magunia.”

Bwana shauri alijua fika kwamba hawaelewi. Mtu wa serikali akisifiwa kwa jambo ambalo halipo haulizi maswali.

Nikajiona tayari nimeshika funguo za ofisi. Mtemi alimaliza, akapungiwa kwa muda mrefu, akaketi. Mgeni akasimama na kujibu kwa Kiingereza. Alisema hajapata kuona popote katika safari zake watu wa shamba waliokwenda mbele kiasi hiki. Alisema watu wazima hapa, wazee, akina mama, wanafuata lugha ya kigeni mpaka kwenye mikato yake. Kwa hiyo, akasema, haki inataka msaada uende kwa waliobaki nyuma. Shule itajengwa kwa jirani.

Akanyamaza ili nitafsiri.

Na watu, kwa kuwa mgeni wa Mtemi hupewa heshima ya Mtemi, wakampungia bendera zote kwa furaha.

Niliwahi kuona mwamba ukiporomoka mgodini, lakini haukunitisha vile. Mgeni alitabasamu. Akamwambia bwana shauri kwamba watu hawa wana moyo mkubwa ajabu. Mzee mwanangwa mkuu alikuwa anapunga kwa mkono wa kulia na kuuegemeza kwa wa kushoto, ili ufike juu zaidi. Mtemi akanigeukia, akanitaka nimwambie mgeni amesema nini.

Nilikuwa na njia mbili. Ningetafsiri, na watu wangejua wameipungia kwaheri shule yao. Au ningefanya jambo ambalo mwalimu Mwafrika hakulifanya siku zile, yaani kusema na mkubwa kabla hajaniuliza. Watu wengine wana ujasiri wa kuzaliwa nao. Wangu niliusomea, na una cheti.

“Bwana,” nikamwambia kwa Kiingereza, “ukiondoa sisi watatu, hapa hakuna aliyeelewa hata neno lako moja.”

Uso wake ulibadilika. Akaniuliza kama ni desturi ya wenye diploma kuwadharau watu wao. Nikamwambia siwadharau, nina hakika tu. Nikamwomba awajaribu.

Akawatazama watu kitambo. Lazima nimpe haki yake, hakuwa mtu wa kuogopa. Akajinyoosha, akaweka mkono kifuani, na kwa sauti ileile ya serikali akatangaza:

“Mimi ni punda.”

Akanyamaza. Uwanja mzima ukampungia. Mahali fulani nyuma vigelegele vikapanda.

Bwana shauri alitazama buti zake. Mgeni alisimama pale akiwa mwekundu zaidi kuliko alivyokuja, na nilidhani nimepotea mimi na diploma yangu. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika. Alicheka mpaka akaketi, na watu walipomwona anacheka wakampungia tena, naye akazidi.

Alipopata pumzi akaniuliza, kama si maneno, wanapunga nini. Nikamwambia wanapunga mikato. Akaniuliza mikato ya nani. Nikamwambia yangu. Akaomba karatasi ya Mtemi. Mtemi akampa, ingawa hakupenda, na mgeni akapitisha kidole kwenye kila kiluwiluwi kama mtu anayehesabu ng'ombe. Alisimama kwenye kimoja, kabla ya kitu cha mwisho kati ya vile tulivyoviomba, akasema yeye huo asingeuweka. Nikamjibu kwamba wako wanaouweka na wako wasiouweka, ila aliyeuweka lazima auweke kila mahali, na nimeuweka kila mahali. Akarudi ukurasa wa kwanza kuhakikisha. Nilikuwa nimeuweka.

Tone la kwanza la mvua likaanguka kwenye meza. Bwana shauri akasema kwa upole kwamba kwa bahati mbaya jibu limekwisha kutolewa hadharani.

Mgeni akanigeukia. “Umelitafsiri?”

“Bado, bwana.”

“Hata kidogo?”

“Hata neno.”

Akamtazama bwana shauri, akatazama watu waliokuwa wanangoja na bendera zao, akaelewa nilichokuwa nimekielewa kabla yake: kwamba kwa watu wote waliokuwa uwanjani alikuwa bado hajasema kitu. Akavaa kofia.

“Basi waambie shule itajengwa hapa,” akasema. “Na waambie kifupi, nina mbuga ya kuvuka.”

Nikawaambia kwa Kisukuma, kwa sentensi moja, na sikuweka mkato wowote. Bendera zikatupwa chini zote kwa pamoja. Watu walipiga makofi ya mikono mitupu mpaka mbuzi wakavunja zizi. Mgeni aliondoka na gari lake, na niliambiwa halikufika mbali, lakini hilo si la kwangu. Mwaka uliofuata nilikuwa mwalimu mkuu, na waliotoka kwenye shule ile wanajulikana; sina haja ya kuwataja kwa sababu wao wenyewe hawaachi kujitaja.

Jioni ile Mtemi alituita chumba cha ndani, mimi na mwanangwa mkuu. Mvua ilikuwa inapiga bati. Alitaka kujua jambo moja. Kabla ya kile kicheko, mgeni alisimama akaweka mkono kifuani akasema neno kwa heshima kubwa, na watu wakampungia sana. Lilikuwa neno gani?

“Alisema yeye ni punda, Mtemi.”

Mtemi alinitazama kuona kama namfanyia mzaha. “Na sisi tukakubali?”

“Sote. Babu hapa ndiye aliyepunga juu kuliko wengine.”

Mzee alikuwa anakausha miguu yake karibu na moto, na hakugeuka.

“Hilo,” akasema, “halikuhitaji Kiingereza.”